Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Uhamiaji: wenza wetu wanataka kuja ofisini kwenu, wapokeeni

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Ndugu Kamishna Jenerali wa Uhamiaji,
Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi,

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Masasi. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata yetu, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ni mkulima wa korosho kama walivyo wengi hapa. Vilevile ni mke wa mtu kutoka Msumbiji ambaye muda wake wa kukaa nchini ulikwisha miaka kadhaa iliyopita. Ninaloliomba nimeliona nyumbani kwangu, na nimelisikia kwa watu wanaokuja kwangu jioni wakiwa wameficha karatasi zao ndani ya kanga.

Ombi lenyewe ni hili. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mtanzania, muda wake wa kukaa ukawa umepita, akija ofisini kwa hiari yake kutaka mambo yake yawekwe sawa, apokelewe kama mwombaji. Ahojiwe, achukuliwe alama za vidole, atozwe faini inayostahili, apewe karatasi ya kumlinda wakati maombi yake yanashughulikiwa. Asiwekwe ndani siku hiyo, na asiambiwe atoke kwanza nchini ndipo aanze upya.

Mume wangu hakuvuka mto usiku. Aliingia kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mchana, akiwa na pasipoti, na afisa wenu akamgongea muhuri wa miezi mitatu. Ni Mmakua kama mimi, kwao ni upande wa Montepuez, kaskazini mwa Msumbiji, na alikuja kwa ndugu zake wa Nanyumbu kabla ya kufika Masasi. Tulifunga ndoa msikitini mbele ya wajomba zangu, cheti tukapewa. Muda wa muhuri ulipokaribia kwisha tulikwenda kuuliza utaratibu. Ofisi tuliyokwenda siitaji, maana nia yangu si kumshitaki mtu. Kijana aliyekuwa dirishani alifungua pasipoti, akahesabu miezi kwa kidole, akasema: "Huyu kwanza atoke. Akirudi ndipo muombe." Tukauliza kama anaweza kuomba akiwa humu humu, kwa kuwa ana mke na mke ana mimba. Akarudia neno lile lile na kumwita aliyefuata kwenye foleni.

Arudi wapi? Vita vya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, vilianza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 vikavuka hadi kwetu, kijiji cha Kitaya hapa Mtwara kikashambuliwa, Watanzania wenzetu wakauawa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Juni 2022 moto ukashuka kusini, Ancuabe na Chiúre, watu wa kwao mume wangu wakakimbia na watoto mgongoni. Katika miaka hiyo, kumwambia mwenye familia Masasi kwamba apite Negomano, ng'ambo ya daraja, akakae huko kisha arudi kugongewa muhuri mpya, ni kumwambia achague kati ya sheria na uhai wake. Akabaki. Muda ukapita, na tangu hapo kila siku inayoongezeka inamzidishia kosa.

Najua sheria inasemaje. Kukaa bila kibali ni kosa lenye faini au kifungo au vyote viwili, na baada ya hapo mtu anaweza kuondoshwa nchini. Sitetei kosa hilo, na faini tuko tayari kulipa. Ninachowaonyesha ni kwamba kwa jinsi mambo yalivyopangwa, mtu anayetaka kuacha kuvunja sheria hana mahali pa kuanzia. Akienda kujieleza anaweza kulala rumande. Asipokwenda, anaendelea kuwa mkosaji. Nimewaona wenye nia njema kabisa wakichagua kukaa kimya, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu hata mimi, ninayewashauri wengine, sijapata la kuwaambia lililo salama.

Mkitaka kujua maisha hayo yakoje, njooni kwenye mzani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho. Mume wangu ndiye anayepalilia, ndiye anayebeba bomba na kupulizia salfa mikorosho isishambuliwe na ugonjwa wa ubwiriunga, anarudi nyumbani macho mekundu na nguo zikinuka kiberiti. Siku ya kupima anasukuma baiskeli yenye magunia hadi nje ya uzio wa ghala, halafu anasimama upande wa pili wa barabara. Magunia naingiza mimi na vijana wa kubeba. Karani anaandika kilo kwa jina langu, stakabadhi inatoka kwa jina langu, na mnada ukishafanyika malipo yanaingia kwangu. Usajili wa wakulima nao uko kwa jina langu. Hakuna anayetudhulumu hapo, shamba ni la ukoo wetu na mimi ndimi mwenye kitambulisho cha Taifa. Lakini mtu mzima aliyetoa jasho la mwaka mzima hawezi kusogea kwenye mzani kwa kuogopa kuulizwa jina.

Hana laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Hana akaunti ya benki. Mtoto wetu alipougua tukaambiwa tumpeleke hospitali ya Ndanda, nilipanda gari peke yangu naye, kwa sababu barabarani kuna vizuizi na abiria huombwa vitambulisho. Baba akabaki nyumbani akisubiri simu ya jirani. Mtoto huyo ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa na mama Mtanzania, hilo halina mjadala, na anayo haki ya kushikwa mkono na baba yake wodini.

Sasa niwasemeshe kuhusu sheria yenyewe, maana hapo ndipo penye mzizi.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ina vibali vya ukaazi vya madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B ni la walioajiriwa, C ni la wengineo kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Hakuna daraja la mume wala la mke. Kuna pasi ya mtegemezi, nayo ina tarehe ya kwisha, na jina lake tu linakuambia kwamba mwenye nayo amefikiriwa kama mtu wa kulishwa. Ukaazi wa kudumu unaotokana na ndoa, ambao mtu akishaupata anatulia na kulea watoto wake bila kurudi dirishani kila mara, kwetu haumo katika madaraja hayo.

Sheria ya Uraia ya mwaka huo huo wa 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Ni kifungu chema kwa anayekihusu. Lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hakimtaji. Huyo anatakiwa apite njia ya kila mgeni mwingine: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka 7 au zaidi, pamoja na masharti ya lugha na tabia njema. Mtu ambaye muhuri wake ulikwisha baada ya miezi mitatu ataionyesha miaka hiyo kwa karatasi gani?

Waliotunga kifungu hicho walikuwa na picha ya ndoa kichwani: mwanamke anatoka kwao na kumfuata mume. Huenda ndivyo ilivyo katika mikoa mingi. Huku kwetu sivyo. Sisi Wamakua, na Wayao na Wamwera vilevile, ukoo tunauhesabu kwa mama, na kwa mila mwanamume akioa ndiye anayehamia ukweni. Anapewa mahali pa kujenga, analima shamba la upande wa mke, na watoto ni wa ukoo wa mama yao, mjomba akiwa ndiye mwenye kauli. Babu yangu alikaa ukweni. Baba yangu alikaa ukweni. Mume wangu alipovuka Ruvuma na kukaa kwetu alifanya kile ambacho waoaji wa Kimakua wamefanya tangu kabla Wareno na Wajerumani hawajaufanya mto huo kuwa mpaka. Wasichana wa Kusini wakiolewa na wanaume wa ng'ambo wanabaki nyumbani kwa mama zao, na hao ndio hasa ambao sheria haikuwafikiria. Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema: "Watu wote ni sawa mbele ya sheria." Kaka yangu angeoa mwanamke wa Montepuez, mkewe angekuwa na kifungu cha kushika. Mimi niliyeolewa na mwanamume wa Montepuez sina.

Hata wanawake ambao kifungu cha 11 kinawahusu hawako salama. Mjane mmoja alikuja kwangu mwaka jana. Alivuka kwa mtumbwi akiwa binti, enzi ambazo watu wa kandokando ya mto walivuka kwenda msibani na kurudi bila kuulizwa, akaolewa kijijini, akazaa, akazeeka. Hakuwahi kuomba uraia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anapaswa kuomba. Mumewe amefariki, na sheria inasema haki ile ni ya wakati wa uhai wa mume. Wajukuu zake wanapiga kura. Yeye anaogopa kwenda mnadani. Nilimsomea kifungu chenyewe kwa sauti, akaniuliza kama angeweza kuomba kwa jina la mwanawe. Nikamwambia ukweli, kwamba kifungu hakisemi hivyo.

Najua mtakaloniuliza: na usalama je? Swali hilo sipendi lijibiwe haraka haraka. Sisi wa mipakani ndio tunaolala tukisikiliza. Baada ya Kitaya tulielewa kwa nini askari wameongezwa na kwa nini kila mgeni anatazamwa mara mbili, na tunawashukuru vijana wanaolinda mto. Lakini fikirini kwa upande wa ulinzi wenyewe. Mume wangu akiandikishwa, mtakuwa na alama zake za vidole, picha yake, jina la balozi wa nyumba kumi, jina la mjomba aliyempokea, na cheti cha ndoa. Kamati ya usalama ya wilaya itamhoji, na ikimwona hafai itasema. Asipoandikishwa hamjui lolote juu yake. Mtu mwenye nia mbaya hatakuja dirishani kuomba alama zake zichukuliwe. Watakaokuja ni wenye watoto shuleni na mikorosho shambani, na mkishawatenga hao, jicho lenu litabaki kwa wale wanaostahili kutazamwa.

Wala nchi hii si ngeni kwa jambo kama hili. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, kambi yake kuu ya mafunzo ikawa Nachingwea, na Rutamba kule Lindi walipokelewa wakimbizi waliokimbia mabomu ya Wareno. Daraja la Umoja lenyewe ni wazo la Mwalimu Nyerere na Samora Machel, likaja kufunguliwa na Rais Kikwete na Rais Guebuza Mei 2010, mita 720 za zege juu ya Ruvuma. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia Warundi zaidi ya 150,000, wale waliokimbilia kwetu mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Kule Kigoma wahamiaji walowezi, yaani wageni waliokaa humu miaka mingi bila vibali, walipitiwa vijijini wakaandikishwa, ili ijulikane nani ni nani. Uzoefu mnao, na maafisa wanaojua kazi hiyo mnao. Naomba Kusini nako kufikiwe, kuanzia na wale wenye ndoa, maana uhusiano wao na nchi hii unathibitishwa kwa cheti.

Nimesoma pia wenzetu wanafanyaje. Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, mtu aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, awe mume au mke. Kabla ya hapo, akitimiza miaka 3 ya ndoa, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Marekani, ambayo watu wetu wanaoishi huko hutusimulia ukali wake, inatofautisha jambo ambalo nataka mlitazame vizuri. Mwenza wa raia wa Marekani aliyeingia kihalali, akakaguliwa mpakani, kisha viza yake ikaisha, anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi, na kule kupitiliza muda peke yake hakumfungii mlango. Maafisa watachunguza kama ndoa ni ya kweli, watauliza maswali ya chumbani na ya jikoni, lakini sheria haimlazimishi atoke kwanza. Tena akitoka ndipo anapoumia: aliyepitiliza zaidi ya siku 180 anafungiwa miaka 3, aliyepitiliza mwaka au zaidi anafungiwa miaka 10. Kwa hiyo wanasheria wa huko humwambia mtu wa namna hiyo asiguse kabisa uwanja wa ndege hadi maombi yake yajibiwe. Wamarekani hawajaacha kulinda mipaka yao kwa kufanya hivyo. Wamekubali tu kwamba mume au mke wa raia si mgeni sawa na wageni wengine.

Mheshimiwa Waziri, kuna mambo yasiyohitaji kusubiri Bunge. Kamishna Jenerali anaweza kutoa mwongozo kwa ofisi za mikoa na wilaya kuhusu mwenza wa raia anayejileta mwenyewe, ili dirisha la Masasi na la Mtwara mjini na la Lindi yaseme neno moja. Leo jibu linategemea umemkuta nani zamu. Mwongozo huo uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, faini ikiwa imetajwa na risiti ikiwa ya mfumo wa serikali, kwa sababu pasipo na bei iliyoandikwa hujitokeza watu wa katikati. Mmoja alimfuata mume wangu akidai anaweza "kumaliza mambo" kwa fedha ya magunia mawili ya korosho. Tulimkatalia. Wengi hawakatai, na hizo ni fedha ambazo Hazina haitaziona kamwe.

Naomba pia mtazame suala la cheti. Maombi mengi sasa hufanyika kwa mtandao, na mfumo unataka cheti cha ndoa. Ndoa za vijijini huku nyingi zimefungwa kimila mbele ya wajomba, hazina karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila, na kifungu chake cha 160 kinawadhania kuwa na ndoa hata mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana hivyo, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa, wakija na meza yao siku hiyo hiyo ya kuandikisha, wakakaa na mwenyekiti wa kijiji na wazee, ndoa nyingi zitasajiliwa palepale, na za kughushi wanakijiji ndio watakaokuwa wa kwanza kuzikataa. Huku hakuna anayeweza kudanganya kwamba ameoa ukoo fulani wakati mjomba wa ukoo huo ameketi kwenye benchi.

Kwenu wabunge wetu. Kifungu cha 11 ni kazi yenu. Badala ya "mwanamke aliyeolewa" kisomeke mwenza wa raia, na mjane au mgane asipoteze haki kwa kifo cha mwenzake. Wekeni muda wa ndoa mnaouona unafaa, miaka mitatu au mitano, wekeni mahojiano, wekeni adhabu kali kwa ndoa za uongo, sisi hatutalalamika. Na kwa asiyetaka uraia, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili na wapo wasiotaka kuukana wa kwao, kuwe na ukaazi wa mwenza usio na tarehe ya kwisha maadamu ndoa ipo na hana kosa la jinai. Kila uchaguzi mnapita vijijini kwetu kutuomba kura sisi wake zao, na mnakaribishwa ugali na waume zetu bila kuwauliza vibali.

Orodha ya kaya za kata yetu zenye mwenza asiye na kibali ninayo kichwani, sijaiandika popote, na sitaiandika mpaka nione mwongozo wenye sahihi unaosema kwamba atakayejitokeza hatakamatwa. Siku mwongozo huo utakapobandikwa, nitaanza na mume wangu. Pasipoti yake, cheti chetu cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya serikali ya kijiji viko tayari kwenye bahasha moja, pamoja na fedha ya faini tuliyoiweka akiba tangu msimu uliopita.

Wasalaam,

Msaidizi wa kisheria na mkulima wa korosho,
Masasi, Mtwara